Zamu ya Namba Tisa

3 Novemba

Kama bahati ingeuzwa kwa kilo, mimi Bader ningefungua duka la jumla hapa Gongoni na bado ningebaki na akiba ya kuwagawia majirani. Kidato cha pili kilinitema, sawa, sikatai. Lakini nani mwingine mtaani kwetu alitemwa na shule akaangukia chuo cha kompyuta Dar es Salaam, ghorofa ya nne Kariakoo, akatoka wa kwanza kati ya wanafunzi arobaini? Mwalimu mkuu alinishika mkono mbele ya darasa zima akasema: "Kijana wa Tabora, wewe hukufundishwa, ulizaliwa nayo." Hiyo ndiyo nyota yangu. Nimenunua daftari hili ili siku wakiniuliza nilianzaje, nisisahau.

Leo nyota imewaka tena. Ami Humaidi ana trekta. Wakulima wa kikundi kimoja cha Ulyankulu, watu 112, wamelikodi kulima mashamba yao mvua zikianza. Mashamba manne kwa siku, Jumapili mapumziko, kuanzia tarehe 19 Novemba hadi 20 Desemba. Siku ishirini na nane za kazi, watu wote wanaisha, trekta linakwenda Urambo kwenye kazi nyingine. Mimi nimetengeneza programu ya kupanga zamu. Mwenyekiti wao, Plasidi, ananitumia majina ovyo ovyo kama yanavyomjia, programu inayapanga kwa namba ya uanachama, dereva Eliya anafungua simu asubuhi na kuona aende kwa nani. Ami amempa Eliya amri moja tu: shamba lisilo kwenye simu halilimwi.

Nimeijaribu kwa zamu za wanawake tisa wa Isevya waliopika pilau ya maulidi. Moja mpaka tisa zilijipanga kama askari wa gwaride. Dada yangu Maram, mwalimu wa shule ya msingi na bingwa wa kutia mchanga kwenye pilau ya mtu, akaniuliza: "Umejaribu na watu tisa tu?"

Nikamwambia: "Anayejua kuhesabu mpaka tisa anajua kuhesabu."

9 Novemba

Amekuja mzee Ciza kutoka Ulyankulu na ndoo ndogo ya asali. Mwezi uliopita, hapa kwenye duka langu la kutengeneza simu, nilimtengenezea binti yake simu bila kumdai kitu, maana binti alikuwa analia na mimi machozi ya mwanamke huyaona kama maji ya betri, yanaunguza. Ciza ni namba 112, wa mwisho kujiunga. Hana kinyongo. "Nimechelewa mwenyewe," anasema. "Nimeshakodi maksai wawili wa jirani, trekta lisiponifikia nitalima nao."

Asali safi. Maram amekula nusu na bado ananisema.

15 Novemba

Mawingu. Joto la kumfanya mbuzi atukane.

Plasidi amepiga simu kuhakikisha. Sauti yake ni ya mtu anayezungumza na watu walio ng'ambo ya mto. "Bwana Bader, hapa kwetu namba si mchezo. Wazee waliovuka toka Burundi mwaka sabini na mbili walipewa namba kabla hawajapewa maji. Mgao kwa namba, shamba kwa namba. Wa kwanza ni wa kwanza. Unanielewa?"

Nikamjibu: "Mwenyekiti, lala usingizi. Kompyuta haina shangazi wala mjomba."

Sentensi nzuri ile. Nimeiandika ili niitumie tena.

19 Novemba

Siku ya kwanza. Saa nne asubuhi Eliya akapiga.

"Bosi, nimemaliza namba 1. Simu inasema niende 10."

"Nenda 10."

"Halafu 100. Halafu 101."

Nilikuwa nimeshika bisibisi. Nikaiweka chini.

"Bosi, upo? Namba 2 amesimama hapa barabarani, anauliza kama yeye amekufa na hajaambiwa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema ngoja kidogo, nitazame. Lakini dukani kulikuwa na wateja watatu, na mteja mmoja alikuwa ameshaniita mhandisi. Nikasema kwa sauti ili na wao wasikie: "Mwambie programu haipangi kishamba. Inaangalia njia fupi ya kuokoa mafuta. Ni hesabu za juu."

"Namba 2 amepakana na namba 1, bosi. Namba 100 iko kule makaburini."

"Fuata simu, Eliya."

20 Novemba

Mvua ya kwanza ya maana. 102, 103, 104, 105. Nitatazama programu kesho.

22 Novemba

Sikutazama. Leo limelimwa shamba la Ciza, namba 112, siku ya nne tu ya kazi.

Saa saba mchana Plasidi akapiga. Hakunisalimu.

"Asali ilikuwa tamu?"

"Asali gani?"

"Usinifanye mtoto. Ndoo ilipanda gari hapa watu wakiona. Leo wa mwisho amelimiwa, na mimi namba 8 natazama majani. Mlikubaliana lita ngapi?"

Nikacheka. Nikicheka huwa nashinda. Leo sikushinda. Alikata simu nikiwa katikati ya kicheko, nikabaki nacheka na ukuta.

23 Novemba

Simu kumi na nne. Matusi mengine ni ya Kirundi, lakini tusi halihitaji mkalimani.

26 Novemba

Hatimaye namba 2 amelimiwa. Nilidhani watatulia. Wapi. Wamekasirika zaidi, kwa sababu baada ya 2 trekta limekwenda 20.

Hawa watu wana roho ngumu. Unawaletea teknolojia wanakuuliza kwa nini haifanani na jembe. Na mvua inanyesha vizuri, kila mtu anaona jirani yake anapanda na yeye bado. Mama mmoja, Godeliva, namba 9, mjane, ndiye aliyeonewa na jiografia kuliko wote. Shamba lake liko upande wa pili wa lile la namba 1. Eliya anasema siku ile ya kwanza aligeuzia trekta kwenye kona yake. Mama alikuwa ameshang'oa visiki na kuchoma majani, amesimama na kikapu cha mbegu kichwani. Trekta likaingia mita tano, likageuka, likaondoka.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Hakusema. Alizifuata zile alama za matairi akazifukia kwa mguu."

Ami Humaidi naye ameanza. "Wameniita mwizi, mimi, kwa ajili ya programu yako. Jina langu limetembea mpaka Urambo kabla ya trekta langu kufika."

1 Desemba

Nimekwenda mwenyewe. Pikipiki, kilomita themanini na ushei, tope mpaka kwenye meno. Ami aliniamuru: "Kawatulize, wewe si una mdomo?"

Niliwakuta wametoka misa, wamejaa chini ya paa la ghala lao, mvua inapiga mabati. Nilikuwa nimevaa shati jeupe. Nikaanza na mzaha: "Shikamooni wazee wangu. Mimi ndiye yule mwizi wenu, mbona hamnipi hata kiti?"

Hakuna aliyeitikia marahaba. Hilo sikuwahi kuliona tangu nizaliwe, uamkie watu mia wakutazame kana kwamba mbwa amebweka.

Nikaeleza ile habari ya njia fupi na mafuta. Nilieleza vizuri, kwa mikono na kwa ramani ya hewani. Plasidi alinisubiri nimalize. Ni mtu mfupi, mwenye shingo pana, anavaa koti hata wakati wa joto.

"Umemaliza?" akasema. "Sasa sikiliza. Babu zenu Waarabu walipita nchi hii na misafara. Waliwapanga watu kwa kamba, wa mbele na wa nyuma, na aliyeuliza kwa nini alichapwa. Wewe umekuja kutupanga kwa simu. Tofauti ni kamba tu."

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi mara moja.

Babu yangu aliuza chumvi na kanga, hakumfunga mtu kamba, hilo nimeambiwa tangu utotoni. Lakini nani angenisikiliza pale? Nikasema maneno ambayo sikupaswa kusema. Nikasema: "Basi limeni kwa kucha, kama mlivyozoea." Kukawa na fujo. Ciza akanivuta nje kwa mkono wa shati, mkono ukachanika begani.

Nikiwa napangusa pikipiki ili niondoke, akaja yule mama, Godeliva. Mwembamba, mrefu, kanga kichwani, miwani imefungwa kwa uzi. Sikumwamkia, hasira ilikuwa haijaniisha. Yeye akaniamkia mimi.

"Hujambo, mwanangu."

"Sijambo. Shikamoo mama."

"Marahaba. Hiyo habari ya mafuta ni uongo."

Nikarudi kupangusa kiti cha pikipiki.

"Mimi nilitunza daftari la ubatizo la parokia miaka ishirini na sita," akasema. "Padri alitaka majina yafuate herufi. A zote, kisha B zote. Aniseti anatangulia Basili, hata kama Basili alibatizwa zamani na Aniseti ni wa jana. Unatazama herufi ya kwanza tu. Zikilingana ndipo unatazama ya pili."

"Ndiyo mama, lakini hizi ni namba."

"Sisi tunajua ni namba. Mashine yako haijui. Imetoa moja zote: 1, 10, 100, mpaka 19. Ikatoa mbili zote. Sasa iko kwenye tatu. Inazisoma kama majina ya wabatizwa."

Nikataka kucheka, kile kicheko changu cha kushinda. Hakikuja.

Akatoa karatasi kwenye kifundo cha kanga, imekunjwa mara nne. "Kesho jioni ufungue, trekta likishamaliza. Nimeandika mashamba ya kesho. Ikiwa nimekosea, mimi ni bibi kizee mshamba. Ikiwa nimepatia, rekebisha. Nakupa siku tatu. Sitawaambia hawa, watakuumiza, nimewaona macho. Ila siku tatu, si nne. Nina shamba moja na nimelima peke yangu tangu mume wangu afe. Mwaka huu mgongo umekataa, ndiyo maana nilikuwa wa tisa kuandika jina. Nilitembea usiku ule ule waliotangaza kikundi."

2 Desemba

Saa kumi na moja jioni Eliya amepiga kutoa ripoti: 38, 39, 4, 40.

Nimefungua karatasi. Mwandiko wa shule za zamani, umelala upande mmoja.

38
39
4
40

Nikafunga mlango wa duka. Nikaiamsha programu nikaipa namba 1 mpaka 12 kama mtu anavyomjaribu mlevi. Ikanirudishia 1, 10, 11, 12, 2, 3. Nikaenda kusoma mtandaoni, na kumbe dunia nzima inajua isipokuwa mimi. JavaScript ukiiambia panga, bila kuieleza upange vipi, inageuza kila namba kuwa maandishi kwanza, kimya kimya, kisha inapanga kama majina. Hata kama ulichoipa ni namba halisi. Haitoi onyo. Haijakosea, ndivyo ilivyotengenezwa. Ukitaka namba zipangwe kama namba unaongeza kimstari kifupi cha kuiambia itazame tofauti ya hii na ile, kifupi kuliko salamu.

Nikakiongeza. 1, 2, 3, mpaka 112. Kazi ya dakika moja.

Halafu nikakaa.

Maana nikiipeleka kwenye simu ya Eliya, kesho trekta litakwenda 5, 6, 7, 8. Hata kipofu ataona. Watasema: kumbe ulikosea tangu siku ya kwanza, na ile habari ya mafuta? Ami atasema nini? Na yule mteja aliyeniita mhandisi? Tarehe 20 kila mtu atakuwa amelimiwa, wa mwanzo na wa mwisho. Basi shida iko wapi? Wiki mbili za kusubiri hazijamuua mtu.

Sijaituma.

4 Desemba

Ujumbe kwenye simu: "Leo siku ya tatu. Godeliva."

Maram aliuona juu ya kaunta. "Godeliva ni nani?"

"Mteja."

"Siku ya tatu ya nini?"

"Ya kuniuliza maswali," nikamwambia. Akaniangalia kama anavyowaangalia watoto wa darasa la nne wanaosema daftari limeliwa na ng'ombe.

7 Desemba

Limefika 59. Mvua kila siku, saa nane kamili, kama imeajiriwa. Waliopanda wiki ya kwanza mahindi yao yamepita vifundo vya miguu.

9 Desemba

Klachi ya trekta imekufa. Kipuri mpaka kitoke Mwanza.

11 Desemba

Hakuna kipuri. Plasidi amenitumia picha ya shamba lake: majani mpaka kiunoni, na yeye mwenyewe amesimama katikati na koti lake. Hakuandika neno. Nimeifuta. Nikaitafuta tena kwenye zile zilizofutwa, nikaitazama, nikaifuta.

13 Desemba

Trekta limepona jioni. Siku tano zimepotea. Ami hasogezi tarehe hata kwa saa moja: mchana wa tarehe 20 trekta linaondoka, Urambo wanasubiri. Nimepiga hesabu kwenye karatasi ya risiti. Kuanzia kesho yanalimika mashamba ishirini na mawili. Yaliyobaki ni arobaini na manne. Nusu watakosa.

Nikiacha programu ilivyo, zitalimwa sita zote na saba zote, hapo mwisho. Watakaokosa ni 8 na themanini zote, 9 na tisini zote. Nikituma ile iliyorekebishwa, kesho yenyewe ni 6, 7, 8, 9. Kabla ya jua kuzama Plasidi na Mama Godeliva wanakuwa wamelimiwa, na atakayekosa ni yule aliyejiandikisha nyuma ya 77, ambaye alijua tangu mwanzo yuko nyuma.

Simu nilikuwa nayo mkononi. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma, naandika kweli.

Na katikati ya hapo Plasidi akapiga.

"We mfunga kamba," akasema, "trekta limepona, sasa mmepanga nani? Au bado mnasubiri ndoo ya pili?"

Hakujua kuwa kidole changu kiko pale. Ningemwambia tu, mwenyekiti, kesho ni zamu yako. Maneno matano. Lakini neno lile la kamba lilikuwa linanila tangu lile ghala, nalala nalo na kuamka nalo. Nikasema moyoni: namba 8, utaisoma namba.

"Kompyuta ndiyo inayopanga," nikamwambia. "Haina shangazi wala mjomba."

Nikaweka simu kwenye droo nikaifunga kwa ufunguo. Mama Godeliva sikumfikiria hata kidogo. Nilimfikiria nikiwa nimeshakunywa chai, nimeshaongea na watu, nimeshacheka. Tisa iko pembeni ya nane. Nilimpiga aliyenitukana, na ngumi ikampata yule aliyenifichia siri.

14 Desemba

6, 60, 61, 62.

16 Desemba

63, 64, 65, 66. Bado siku nne. Bado ningeweza.

18 Desemba

Bado ningeweza.

20 Desemba

Saa sita mchana limeondoka. La mwisho ni 79. Eliya anasema watu walisimama kando ya barabara, hawakurusha jiwe. Walitazama tu. Yeye aliendesha huku machozi yanamtoka, na Eliya si mtu wa machozi, aliwahi kupasuka kidole cha mguu akakifunga kwa tambara la trekta akaendelea.

"Yule mama alikuja kunipa maji ya safari," akasema. "Bosi, mimi sifanyi tena kazi na simu yako."

22 Desemba

Nimemwambia Maram kila kitu jana jioni. Hakunifokea. Aliuliza swali moja: "Ulijua lini?" Nikasema tarehe mbili. Akaenda kufua. Alifua nguo ambazo zilikuwa safi.

Leo nikaenda. Bila shati jeupe. Ghala lile lile, baada ya misa. Sikuamkia kwa mzaha. Nikasema: "Habari ya mafuta ilikuwa uongo. Programu ilikosea tangu siku ya kwanza kwa sababu mimi nilikosea. Ilipanga namba kama majina. Mzee Ciza hakuninunua, asali ilikuwa ya simu ya binti yake. Na tangu tarehe mbili nilijua. Nilikuwa na dawa mfukoni, sikuitoa."

Mvua haikuwepo leo, kwa hiyo kila neno walilisikia.

"Kwa nini?" akauliza Plasidi. Mara hii hakupiga kelele.

"Mwanzo kwa aibu. Mwisho kwa sababu yako. Kwa lile neno la kamba."

Akaja mbele. Nilijua ananipiga, nikakaza taya. Alinishika kola ya shati kwa mikono miwili, mikono yake mizito kama magunia, akanitikisa mara moja.

"Mimi nilikutukana," akasema. "Ungenitukana. Ungenipiga. Watoto wangu wanakula matusi? Hawa watu ishirini na moja wengine walikutukana?"

Sikuwa na mzaha wowote. Nimetafuta tangu saa ile mpaka naandika hapa, sijaupata.

Mtu akapiga kelele: "Mfungeni!" Mwingine: "Chukueni pikipiki yake!" Nikafikiri hapa sitoki. Ndipo Mama Godeliva akasimama. Watu walimpisha.

"Nilikupa siku tatu," akaniambia. "Ulichukua kumi na tisa."

"Ndiyo mama."

"Nilijua na nikanyamaza. Hilo ni langu, nitalibeba mimi." Akawageukia watu wake. "Nilijua tangu tarehe moja. Nilidhani ana aibu. Kumbe mwenye aibu ndiye anayeficha zaidi."

Wakaguna, na mguno ule ulikuwa wa kumlaumu yeye, si mimi. Mwanamke aliyekaa karibu naye kwenye gunia akasogea mbali kidogo. Hilo nalo ni kazi yangu.

Ciza akanyoosha mkono kule nyuma. "Wale maksai niliokodi bado ninao. Nililimiwa kwa makosa. Wachukueni."

"Waanze kwako mama," Plasidi akasema.

"Hapana." Akavua miwani akaifuta. "Nane kwanza, kisha tisa, kisha themanini. Kwa mpangilio. Mtu mmoja akiruka zamu tena hapa, hata kwa huruma, mimi najitoa kwenye kikundi hiki." Kisha kwangu: "Na wewe unajua kushika jembe?"

"Najua kidogo."

"Uongo."

"Sijui, mama."

"Utawaongoza ng'ombe. Wanakwenda mbele tu, hawana programu."

Hakuna aliyecheka.

24 Desemba

Shamba la Plasidi, siku ya pili. Navuta kamba ya maksai mbele, yeye ameshika plau nyuma. Kamba imenichuna viganja. Ameiona. Mimi pia nimeona kuwa ameiona. Hatukusema kitu kuhusu kamba.

27 Desemba

Shamba la namba 9. Zile alama za matairi kwenye kona bado zinaonekana ukizijua. Nilimwambia mama kuwa kwetu, kule mjini, nawajua watu wenye... Akanikata: "Vuta ng'ombe. Usiongee."

Nikavuta. Sijawahi kukaa kimya saa sita mfululizo tangu nizaliwe.

Mahindi yamechelewa, anasema. Atapanda viazi vitamu na muhogo. Mwaka huu atakula, lakini hatauza, na alitaka kuuza ili akatibiwe mgongo.

3 Januari

Maksai wamefika 83. Mmoja ameanza kuchechemea. Waliobaki wanalima kwa jembe la mkono, na mimi nimo, safu ya mwisho, nalima mstari mmoja wao wakilima mitatu. Wananiita "Mhandisi". Sio kwa upendo. Ami ameniondoa kwenye kazi zake. Maram amenitumia soksi na dawa ya kuchua misuli, bila barua.

5 Januari

Jumapili, mapumziko. Mama Godeliva ameliona daftari hili nikiandika kizingitini kwa Ciza, ninakolala. Akauliza kama humu ndani na yeye yumo. Nikasema yumo. Akasema basi iwe kweli, yeye hajawahi kuandika jina la mtu kwenye daftari la uongo.

Nimerudi ukurasa wa kwanza nikausoma. Sikuwa wa kwanza kati ya arobaini. Sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa nadeki pale ghorofa ya nne Kariakoo, miezi minane, na nilichojifunza nilikichungulia ubaoni nikiwa na ndoo. Mwalimu mkuu alinishika mkono siku moja tu, ya kunitoa mlangoni. Siku waliyofundisha kupanga namba, nilikuwa chooni nadeki. Bahati sikuwahi kuwa nayo. Nilikuwa na mdomo tu.